Mkumbo wa ladha: kwa nini kinachopendwa huzidi kupendwa

Fikra za mkumbo ni hali ya watu kukubaliana kwa sababu wenzao wamekwisha kukubali, bila kila mmoja kupima jambo kwa kichwa chake. Dhana hii ilipata umaarufu mwaka 1972 kupitia mwanasaikolojia Mmarekani Irving Janis. Alichunguza vikao vya wakubwa wa serikali vilivyofikia maamuzi mabaya huku wajumbe wakimeza shaka zao ili wasivuruge umoja.

Kwenye burudani, watu huchanganya mambo mawili chini ya jina hilo. Majaji wa tuzo wanajuana na wanakaa chumba kimoja, kwa hiyo alichoeleza Janis kinawahusu moja kwa moja. Mashabiki hawajuani. Wao wanaunganishwa na hesabu: idadi ya watazamaji, nafasi kwenye chati, nyota za programu ya muziki. Asiye na muda wa kusikiliza nyimbo 50 za wiki hii anaanza na ile iliyosikilizwa zaidi, na hana kosa. Shida ni kwamba usikilizaji wake nao unaongezwa kwenye hesabu ile ile, na anayekuja nyuma yake anauona kama ushahidi mpya wa ubora.

Jaribio lililoonyesha hili waziwazi ni la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, lililochapishwa mwaka 2006. Watu 14,341 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana wasikilize, wazipe nyota, na wapakue walizozipenda. Kundi moja halikuona chochote kuhusu wengine. Waliobaki waligawanywa katika "dunia" 8, kila moja ikianza na sifuri, na kila msikilizaji akaona ni mara ngapi wimbo umepakuliwa katika dunia yake tu. Nyimbo zilikuwa zile zile, lakini washindi wakatofautiana. Wimbo mmoja ulioshika nafasi ya 26 kwa wasioona hesabu ulikuwa wa 1 katika dunia moja na wa 40 katika nyingine! Nyimbo zilipopangwa kuanzia iliyopakuliwa zaidi, pengo kati ya zilizovuma na zilizosahaulika likapanuka zaidi.

Ubora haukupotea kabisa. Nyimbo bora kabisa ni nadra zilipofanya vibaya, na mbovu kabisa ni nadra zilipovuma. Ni zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilizobebwa na wale wachache waliotangulia kuzigusa. Ndiyo maana wimbo ukishika namba moja, hiyo peke yake haitoshi kuwa hoja kwamba ni mzuri.

Kwa wahakiki wa filamu, mtego mkubwa ni asilimia. Tovuti ya Rotten Tomatoes huhesabu ni asilimia ngapi ya wahakiki wameikubali filamu. Haipimi wameipenda kiasi gani, na filamu ikifika asilimia 60 inahesabiwa kuwa imepita. Wahakiki 10 wakisema kwa uvivu "si mbaya", filamu inapata 100. Watano wakiipenda mno na watano wakiikataa, inapata 50, ingawa mara nyingi filamu ya aina hiyo ndiyo iliyothubutu kitu. Msomaji anayeangalia namba tu anapelekwa kwenye filamu isiyomuudhi mtu yeyote. Soma hakiki mbili, ya anayesifu na ya anayeponda, kabla ya kuitazama namba.

Kwa majaji, dawa ni ya utaratibu. Kila mmoja aandike alama zake na sababu zake kabla mazungumzo hayajaanza, karatasi zikusanywe, na mwenyekiti aseme mwisho, kwa sababu akisema mwanzo wengine watarekebisha maneno yao. Kisha anayepinga apewe nafasi ya kumaliza hoja yake. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu walilinganisha urefu wa mistari huku wengine wote kwenye kundi wakiwa wamepangwa kutoa jibu lisilo sahihi makusudi, na karibu theluthi ya majibu yao yalifuata kundi. Alipowekwa mwenzao mmoja tu aliyesema kweli, makosa hayo yalishuka hadi takriban robo ya yale ya awali.