Kwezi si kwelea kwelea

Kila mtama unapoanza kutia maziwa Dodoma, "kwelea kwelea", jina la ndege mdogo mla nafaka, hugeuka jina la kila ndege anayeruka kwa kundi. Kundi limetua kwenye mwarobaini wa uani: kwelea kwelea. Zabibu zimedokolewa: kwelea kwelea. Hata ile video ya ndege wa Ulaya wanaojikunja angani kama moshi jioni, wachangiaji wanaandika "kwelea kwelea hao". Hapana. Wale wa kwenye video ni kwezi, na wa kwenye zabibu mara nyingi ni kwezi pia.

Maana haitaki maneno mengi. Kwezi, au kuzi kama wengine wanavyomwita, ni ndege wa jamii ya Sturnidae: mdomo mwembamba, miguu yenye nguvu, mlaji wa wadudu na matunda. Anayezoeleka zaidi ni yule mwenye mgongo wa buluu unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu, mstari mweupe kifuani na jicho jeupe. Huyo ni mmoja tu kati ya wengi. Kanda ya kati yuko pia kwezi wa kijivu mwenye mkia mrefu, asiyeng'aa hata kidogo, ambaye makazi yake karibu yote yamo Tanzania. Na hata mng'ao wenyewe si rangi ya kupakwa: unatokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga, kwa hiyo kivulini kwezi yuleyule anaonekana mweusi tu.

Sasa jina. Wapo wanaodhani "kwelea kwelea" imerudiwa kama tunavyosema "wengiwengi", yaani kundi kubwa la ndege, ndege wowote. Kurudiwa huko hakuhesabu chochote. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimpa huyu ndege jina Emberiza quelea mwaka 1758. Baadaye akahamishiwa jenasi (kundi la spishi za karibu) iliyoitwa Quelea, na kwa kuwa jina la kisayansi lina sehemu mbili, likawa Quelea quelea. Sisi tumelichukua lote. Akiwa mmoja peke yake kwenye suke, bado ni kwelea kwelea. Na ukoo wake ni wa mnana, wafuma viota, si wa kwezi. (Kwezi naye asichanganywe na mkwezi. Mkwezi hukwea minazi kwa miguu.)

Ukitaka kuwatenganisha, tazama mdomo kabla ya kundi. Kwelea ana mdomo mfupi, mnene, wa kubana punje na kuimenya. Dume na jike nje ya msimu wa kuzaliana wana mdomo mwekundu. Ni mdogo, urefu wa sentimita 12 hivi. Kwezi yule wa buluu anafika sentimita 18, na uzito wake ni wa kwelea watatu au zaidi. Mdomo wake ni wa kuchokoa ardhini na kutoboa tunda laini. Punje anaweza kudokoa, lakini suke zima la uwele lililobaki makapi matupu si kazi yake.

Hapo ndipo kosa la jina linapoleta gharama. Mwenye mizabibu anayesubiri ndege ya kupuliza sumu anasubiri kitu kisichomhusu, kwa sababu sumu hiyo hupulizwa kwenye malalo na mazalia ya kwelea. Zabibu zinataka wavu wenye matundu ya milimita 20 au chini ya hapo, ufungwe punje zinapoanza kulainika na kubadili rangi, si siku ya kuvuna. Wavu ukilala juu ya vichala, kwezi anadokoa kupitia matundu. Uinuliwe kwa nguzo, na pindo lifike chini lishikizwe, maana anaingia kwa kutembea. Sanamu la kutishia, lisipohamishwa, linazoeleka ndani ya siku chache na mwisho anatua begani pake.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Yuko kwezi wa kijivu hafifu ambaye dume, wakati wa kuzaliana, hunyonyoka kichwa kikabaki ngozi ya njano, na vipande vya ngozi nyeusi vikaning'inia kama undu wa jogoo. Huyu hufuata nzige na panzi, na huzaliana kwa makundi makubwa kwenye miiba. Mtu akiona miti imejaa viota anaripoti mazalia ya kwelea. Atazame kiota: cha kwelea ni kijumba kidogo kilichofumwa kwa majani; cha kwezi huyu ni rundo la vijiti lenye paa. Ukipuliza hapo umeua walaji wa panzi, na mtama wako umebaki na panzi.

Na wale weusi wanaojenga kwenye majabali ya vilima vya Dodoma na kwenye kingo za maghorofa, wanaokurukia kichwani wakiwa na makinda, nao huitwa "kunguru wadogo". Wakiruka, tazama bawa: lina rangi ya kutu, na jike ana kichwa cha kijivu. Ni kwezi hao pia.