Je, wajua kompyuta hutambuaje namba ya mlipakodi iliyokosewa?

Katika duka la vifaa vya ujenzi lililoko Ngamiani, jijini Tanga, mteja anayenunua saruji na nondo kwa niaba ya kampuni yake hutaja TIN, yaani namba yake ya mlipakodi, kabla risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, haijatoka, na mara nyingi huisoma kwa sauti kutoka kwenye simu huku mashine ya kukatia vyuma ikinguruma jirani. Keshia akisikia "nne" pale mteja aliposema "nane", risiti itatoka na namba ya mtu mwingine, au namba isiyo ya mtu yeyote, na mhasibu wa kampuni ile atakapotaka kudai kodi iliyolipwa kwenye manunuzi atajikuta ameshika karatasi isiyomsaidia. Nimeshughulikia programu za mauzo za maduka ya namna hii, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: programu isiyomwona mteja wala kuisikia sauti yake inajuaje kwamba tarakimu moja imekosewa?

Jambo la kwanza inaloweza kutazama ni umbo. TIN inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania ina tarakimu 9, ambazo kwa kawaida huandikwa tatu tatu zikitenganishwa na vistari. Programu iliyotungwa vizuri huondoa vistari na nafasi yenyewe badala ya kumgombeza keshia, kisha huhesabu tarakimu zilizobaki. Hapa Tanga kuna sababu ya kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa mpaka wa Horohoro hauko mbali na wanunuzi kutoka Kenya hufika madukani. Namba ya mlipakodi wa Kenya ina herufi na tarakimu 11 kwa jumla: huanza na A ikiwa ni ya mtu binafsi au P ikiwa ni ya kampuni, zikafuata tarakimu 9, kisha herufi moja ya mwisho. Programu inayodai tarakimu 9 tu kwa kila mteja itamkataa mfanyabiashara halali kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo ni lazima iulize kwanza namba imetolewa na nchi gani.

Hata hivyo, umbo halimgundui aliyeandika 4 badala ya 8, kwa sababu tarakimu bado ni 9. Hapo ndipo nchi nyingi zimeweka hesabu ndani ya namba yenyewe, na mfano ulio wazi ni wa Australia, ambako biashara inayojisajili hupewa namba ya tarakimu 11. Ofisi ya kodi ya nchi hiyo nayo inayo yake, ambayo ni 51 824 753 556. Ili kuikagua, punguza 1 kwenye tarakimu ya kwanza, kisha zidisha kila tarakimu kwa uzito wa nafasi yake, yaani 10, 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15, 17 na 19 kwa mfuatano huo, halafu jumlisha. Jumla ni 534, ambayo ukiigawa kwa 89 unapata 6 bila baki, na hiyo ndiyo alama ya namba iliyoandikwa sawasawa. Sasa tuseme keshia amesikia "nne" badala ya "nane" katika nafasi ya tatu: jumla inashuka hadi 522, na ukigawa kwa 89 panabaki 77. Akipindua 2 na 4 zinazofuatana, jumla inakuwa 530 na panabaki 85. Kosa limejulikana papo hapo, bila intaneti na bila kuuliza ofisi yoyote.

Kwa nini 89, na si 10 iliyo rahisi kwa kila mtu? Jibu limo katika zile nne na nane zetu. Tofauti yake ni 4, na kama nafasi ingekuwa na uzito wa 5, jumla ingebadilika kwa 20. Mwenye kugawa kwa 10 angepata baki lilelile la mwanzo, na kosa lingepita bila kuonekana. Lakini 89 ni namba tasa, na namba tasa haiwezi kugawa bila baki zao la namba mbili zilizo ndogo kuliko yenyewe. Kwa kuwa uzito wowote na tofauti yoyote ya tarakimu ni chini ya 89, kosa la tarakimu moja halina pa kujificha. Naona huu ni ufundi unaostahili heshima kuliko inaoupata.

Hapa kuna mpaka ambao mtunzi wa programu asiuvuke. Kanuni ya Australia ni ya Australia, na hatakiwi kubuni hesabu ya TIN kwa kukisia kutokana na namba chache alizonazo, kwani kumkataa mlipakodi halali ni kosa baya kuliko kumpitisha aliyekosea.

Zaidi ya hayo, hesabu huthibitisha maandishi, haithibitishi mwenye namba. Anayejua kanuni anaweza kutunga namba inayopita, na kwetu kuna TIN zisizo za biashara, kama walizopewa watu kwa ajili ya leseni ya udereva. Isitoshe, mwenye TIN ya biashara si lazima awe amesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ina namba yake ya usajili. Maswali hayo hujibiwa na rejista ya mamlaka peke yake. Umoja wa Ulaya una mfumo uitwao VIES unaopeleka swali kwenye rejista ya nchi husika, na mfumo wa nchi hiyo ukiwa umezimika, jibu huwa kwamba huduma haipatikani. Programu ya duka nayo itenganishe "namba si sahihi" na "haijathibitishwa bado", la sivyo siku mtandao unapokatika kila mteja ataonekana mdanganyifu.

Kuna pia suala la kuhifadhi. Namba ya Banco do Brasil, benki ya nchini Brazili, ni 00.000.000/0001-91, nayo ikiwekwa kwenye kompyuta kama kiasi, sifuri za mwanzo hupotea na hubaki 191 tu. Namba ya mlipakodi ihifadhiwe kama maandishi.

Rejista inapojibu, napendelea programu ioneshe jina la biashara kwenye skrini kabla ya kuchapa, ili keshia alisome kwa sauti na mteja aitikie, "Ndiyo, ndiyo sisi."