Je, wajua kwa nini jumba hili la Moscow lina kanisa la siri darini?

Katika mtaa wa Malaya Nikitskaya, Moscow, kuna jumba lililozungushiwa chini ya paa ukanda wa mozaiki ya maua ya okidi. Msanifu Fyodor Shekhtel alilijenga kati ya 1900 na 1903 kwa ajili ya Stepan Ryabushinsky, wa ukoo wa matajiri wa viwanda na benki.

Ukiingia, unakutana na bahari. Ngazi kuu inamwagika ukumbini kama wimbi linalovunjika ufukweni, jiwe limepindwa hadi huoni kona. Wimbi linapoishia imesimama taa: ukiwa chini utasema ni yavuyavu, ukipanda na kuitazama kutoka juu, ni kasa. Mimi sijui ngazi nyingine inayoizidi hii kwa uzuri.

Lakini huko darini, mahali ambapo mpita njia hapaoni, kuna chumba kidogo cha ibada chenye kuba na kuta zilizojaa nakshi. Tajiri mkubwa hivi, kwa nini asali kwa kujificha?

Ryabushinsky alikuwa Muumini wa Kale. Kuanzia 1653, Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Urusi, alibadili taratibu za ibada za kanisa hilo, hata ishara ya msalaba: vidole vitatu badala ya viwili. Kwa macho ya leo hilo ni jambo dogo, ila kwa waliokataa, yaani Waumini wa Kale, kuacha vidole viwili kulikuwa kuiacha imani ya babu zao. Wapo waliochomwa moto kwa ajili hiyo. Baadaye Petro Mkuu akawatoza kodi maradufu, na mwaka 1856 serikali ikapiga lakiri madhabahu za makanisa yao ya Rogozhskoye, papo hapo Moscow.

Shekhtel alipomaliza kazi yake, lakiri hizo zilikuwa bado zipo. Zilibanduliwa mwaka 1905, Tsar Nicholas II alipotoa amri ya kuvumilia dini nyingine.

Baada ya mapinduzi ya 1917 akina Ryabushinsky walihama Urusi. Mwaka 1931 jumba akapewa mwandishi Maxim Gorky, aliyekaa vyumba vya chini. Sasa ni makumbusho, na wageni huruhusiwa kupanda hadi kanisani. Njia ya kufika huko si ile ngazi ya wimbi. Ni ngazi ya nyuma, nyembamba, isiyo na pambo lolote.