Leseni ya Hifadhidata ya Majaribio: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba seva ikishaitwa ya majaribio, hifadhidata iliyomo haihitaji leseni. Ukweli ni kwamba leseni haiangalii jina la seva, bali kazi inayofanyika humo. Toleo la Developer (la watengenezaji programu) la SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ambalo kampuni hiyo ililifanya la bure mwaka 2016, linaruhusu kutengeneza programu, kuijaribu na kuionyesha, na hata watumiaji wa kawaida wanaweza kuingia ili kuikagua kabla haijapokelewa. Lakini siku wahasibu watakapoanza kuchota humo ripoti zao za kila mwezi, kwa kuwa tu seva hiyo haina msongamano, itakuwa imeingia katika kazi halisi, nayo itadai leseni kamili. Kampuni ya Oracle nayo huruhusu kupakua hifadhidata yake bila malipo kwa ajili ya kutengeneza na kujaribu programu, ila si kwa kuchakata data za shughuli za shirika.

Wengine huamini kuwa toleo la bure la watengenezaji programu limepunguzwa uwezo. Kwa SQL Server mambo ni kinyume, na hapo ndipo penye mtego: toleo la Developer lilikuwa na uwezo wote wa Enterprise, toleo la juu la kulipia, hivyo timu iliyonunua Standard, toleo la chini yake, ingeweza kujenga upya faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji wa data) bila kusimamisha huduma wakati wa majaribio, kisha amri hiyohiyo ikakataliwa siku ya kuanza kazi. Toleo la 2025 limeleta Developer inayolingana na Standard, jambo ambalo kwa maoni yangu limechelewa mno.

Si kweli pia kwamba kila kilichokuja kimesakinishwa kimelipiwa. Vifurushi vya Diagnostics na Tuning vya Oracle, vya kuchunguza na kuboresha utendaji wa hifadhidata, huja pamoja na Enterprise Edition lakini huuzwa kando, na matumizi yake huonekana katika DBA_FEATURE_USAGE_STATISTICS, kumbukumbu ya hifadhidata ya vipengele vilivyotumika, hata kama aliyevigusa alikuwa anadadisi tu.

PostgreSQL, hifadhidata huria, haitofautishi majaribio na kazi halisi. Toleo la jamii (Community) la hifadhidata ya MySQL, lililo chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria, nalo haitofautishi. Masharti mazito ya GPL huanza pale unaposambaza kwa wengine programu iliyoiunganisha MySQL ndani yake.