Mzaha haukuuokoa wimbo wa Rick Astley
Wengi Kisumu wanaobofya linki ya "matokeo ya KCSE" kwenye WhatsApp na kuangukia "Never Gonna Give You Up" ya mwimbaji Mwingereza Rick Astley hudhani wimbo huo ulifeli, na mzaha huu wa linki za uongo ndio ukauokoa. Sivyo. Ulitoka 1987 ukashika namba moja Uingereza, na 1988 Marekani. Mzaha ulianza 2007, ukirithi mtego wa 4chan (jukwaa la mtandaoni) uliomtupa mbofyaji kwenye picha ya bata mwenye magurudumu. Umedumu kwa sababu midundo ya mwanzo ya wimbo hutambulika papo hapo, na aliyenaswa hapotezi kitu (labda bando kidogo). Mzaha huharibika WhatsApp ikionyesha kijipicha cha video pamoja na linki; wajanja hukiondoa kabla ya kutuma. Tangazo la YouTube likitangulia, mtego pia hupoa.