Saba au tisa? Kusoma mwaka kwenye dirhamu ya Bani Umayya

Dirhamu ya madini ya fedha iliyotokana na mageuzi ya sarafu ya Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, wa ukoo wa Bani Umayya, haina picha wala jina la mtawala. Kabla yake, Waislamu wa Iraki na Uajemi walikuwa wakitumia sarafu zenye sura ya Khusrau, mfalme wa Uajemi, upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili, pembeni pakiongezwa "Bismillahi". Dinari ya dhahabu ikageuzwa mwaka 77 Hijria. Kufikia mwaka 79 (698–699) dirhamu nayo ilikuwa maandishi matupu.

Kwa hiyo ukitaka kujua sarafu ni ya khalifa gani, unategemea mwaka, na mwaka umeandikwa kwa maneno.

Anzia nyuma. Katikati utaikuta Suratul-Ikhlas bila "Qul huwa". Aliyeihifadhi chuoni ataizoea hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwa haraka kwa kuifuata pale. Kisha geuza. Maneno ya pembeni yanazunguka kinyume cha saa: "Bismillah, duriba hadha ad-dirham bi…" (Kwa jina la Mungu, dirhamu hii imepigwa…), jina la mji, "fi sanat…" (mwaka wa…), halafu namba kwa maneno, mamoja yakitangulia makumi. Mwaka 79 ni "tis' wa sab'in", yaani tisa na sabini.

Hapa ndipo wengi hukosea. Saba, tisa, sabini na tisini tumezichukua kutoka Kiarabu, lakini nukta za herufi zikiondolewa, kama kwenye sarafu hizi, maneno hayo hufanana mno. Herufi sini ina meno matatu (vijiti vinavyosimama juu ya mstari), ba jino moja, ta jino moja: saba na tisa zote zinakuwa na meno manne kabla ya 'ayn. Matokeo yake miaka 77, 79, 97 na 99 hupishana kwa urefu wa jino tu. Tumia lenzi ya mara 10. Jino la kwanza likiwa refu, mara nyingi ni tisa. La nne likiwa refu, ni saba. Jina la mji nalo husaidia: ukisoma Wasit, futa 77 na 79, kwa sababu mji huo ulikuwa bado haujajengwa.

Pima uzito pia. Kanuni ilikuwa dirhamu 10 kwa mithqali 7, na mithqali ni gramu 4.25 hivi, kwa hiyo dirhamu inakaribia gramu 2.97. Ikishuka chini ya 2.5, kagua viduara vidogo vya ukingoni. Vikikosekana, imepunguzwa kwa mkasi. Kaskazini mwa Ulaya dirhamu zilipimwa kwa mizani, hata zikakatwa vipande. Hazina ya Spillings, kisiwani Gotland nchini Uswidi, iliyopatikana 1999, ilikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu.

Usiisugue kwa majivu wala ndimu. Fedha ya kale huwa kavu na huvunjika ikikunjwa, na ncha za meno yale ndizo zinazolika kwanza.