Albamu ya watoto kuhusu urafiki: imba tendo, usiimbe neno

Albamu nyingi za shule ya Jumapili kuhusu urafiki hukwama pale pale: nyimbo zote zinasema "tupendane, sisi ni marafiki", na mtoto wa miaka 6 akimaliza kusikiliza hana la kusimulia. Mtoto hashiki neno "urafiki". Anashika joho lililovuliwa, mishale mitatu, miguu iliyolemaa. Kwa hiyo chagua kisa kimoja chenye matendo, nyimbo zizaliwe humo.

Daudi na Yonathani wanatosha albamu ya dakika 30. Gawa kisa sehemu 5: joho na upanga (1 Samweli 18), Yonathani anamtetea Daudi kwa baba yake, mfalme Sauli (19), mishale shambani, ishara ya siri ya kumwambia Daudi akimbie (20), yaya anayekimbia na kumwangusha Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, akiwa na miaka 5, akalemaa miguu (2 Samweli 4:4), na meza ya mfalme Daudi anapomkaribisha Mefiboshethi (2 Samweli 9). Wengi huishia kwenye mishale, na hapo wanapoteza kilele. Yonathani amekwisha kufa, hakuna anayemdai Daudi chochote, naye bado anauliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya rafiki yake. Wimbo wa meza upewe uzito kuliko zote.

Kila sehemu iwe na hadithi ya dakika 3 na nusu na wimbo wa dakika 2 na nusu. Msimulizi asome maneno 90 hadi 100 kwa dakika, yaani andiko lisizidi maneno 350. Ufunguzi uwe "Paukwa! Pakawa!" Ile "Hadithi njoo, uongo njoo" ni tamu, lakini usiitumie hapa: huwezi kuwaitisha watoto uongo kisha ukawasomea Samweli.

Kuhusu siri ya mishale, msimulizi aongeze sentensi moja: Yonathani alificha siri ili kuokoa uhai, siri inayomuumiza mtoto huambiwa mtu mzima anayeaminika. Na mkuki ambao Sauli anamrushia Daudi utajwe tu, bila mlio. Kwa watoto wa miaka 4 mlio huo unafunika hadithi nzima.

Sasa wimbo wenyewe. Kosa ninaloliona mara nyingi ni tuni ya kigeni kubandikwa maneno ya Kiswahili. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito lazima liangukie hapo. Chukua "Daudi na Yonathani". Ukianza "Da" kwenye pigo la kwanza, watoto wataimba "DAAudi", jina la mtu mwingine kabisa. Anza "Da" kabla ya pigo. Kisha "u" pigo la 1, "di" la 2, "na" la 3, "Yo-na" zigawane la 4 nusu kwa nusu, na "tha" ipokee pigo zito linalofuata. Imba hivyo mara mbili huku ukipiga makofi, utasikia jina linakaa lenyewe. "Mshale" ni silabi 3, m-sha-le. Hiyo "m" inadai noti yake, hata ikiwa fupi. "Mbele" ni silabi 2 tu. Wanaosema "Yonasani" wasikemewe. Wazoeze "thelathini" polepole, ulimi ukigusa meno, kisha warudi kwenye jina.

Wimbo wa mishale unafaa kuwa wa kuitikiana: "Mishale iko wapi?" "Iko mbele!" "Daudi akimbie?" "Akimbie!" Kasi iwe mapigo 96 hadi 108 kwa dakika, ikipita 120 maneno yanamezwa. Kwa miaka 5 hadi 7, weka do kwenye D iliyo juu ya C ya kati na tuni isizidi so. Mwalimu mwanamume akianzisha kwa sauti yake ya kawaida, watoto wananguruma chini. Akipandisha sana, wanapiga kelele na sauti zinakauka kabla ya wimbo wa tatu.

Kurekodi: watoto 8 kwa nusu duara, maiki moja mita 1 mbele yao, usawa wa macho. Msimulizi akae sentimita 20 kutoka kwenye maiki, yenye kichujio cha pumzi. Chumba chenye bati kirekodiwe saa 1 au saa 2 asubuhi, maana jua likipasha bati huanza kulia "tak, tak" na mlio huo hautoki. Magodoro na mablanketi yazunguke pande tatu. Kilele cha sauti kiwe karibu na -10 dB, kwa sababu "Akimbie!" hupaa ghafla. Hedifoni avae mwalimu peke yake, aongoze kwa mkono. Ukiwavalisha watoto wote, kliki (mlio wa kushika kasi) inavuja ndani ya maiki. Dakika 30, kisha maji na mapumziko. Rekodi pia sekunde 10 za ukimya wa chumba, zitaziba mapengo ya uhariri.

Muziki chini ya msimulizi uwe chini yake kwa dB 15 hadi 18, usiwe na maneno. Wengi watasikiliza kwa spika ya simu, ambako besi hupotea, hivyo mdundo ubebwe na kayamba na makofi.

Tunza WAV (faili ya sauti isiyobanwa), sambaza MP3 ya kbps 128: karibu MB 1 kwa dakika, MB 29 kwa albamu yote. Toa faili 10, kila hadithi na kila wimbo faili yake, mwalimu aweze kurudia wimbo pekee. Pambio lenye mtunzi linahitaji ruhusa yake. Nyimbo zako zisajili kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya. Wazazi wasaini idhini ya sauti, na kwenye jalada liwepo jina la kwaya bila majina ya watoto.

Kabla ya kutoa, wachezee watoto ambao hawakuwepo studio, kwa simu, kisha uliza: yule kijana aliyeokota mishale alijua nini? Wakijibu "hakujua kitu", toa. Wakinyamaza, rudi kwenye andiko la sehemu ya tatu.